Bonnefoy wa Pili

Mwezi uliopita mwenzangu wa kazini aliniomba nimsindikize soko la Souq Waqif akamnunulie kaka yake zawadi. Tukaingia duka la vifaa vya mwewe wa kuwindia, lenye glavu nene, vikofia vya kumziba ndege macho, na mikanda ya kila upana imening'inia ukutani. Harufu ya ngozi mpya ikanijaa kooni. Nilitoka nikasimama juani, katikati ya mchana wa Doha, mpaka akamaliza. Aliponiuliza nina nini, nikamwambia kichwa kinaniuma. Mimi ni muuguzi, najua kwamba kichwa hakina kipimo, na mtu akisema kinamuuma hapingwi.

Sijawahi kumsimulia mtu jambo hili. Baba hajui mpaka leo. Wenzangu mliolelewa huku Ghuba, mkisoma shule za watu wa kila taifa na kurudi jioni kwenye nyumba za vyumba viwili, labda mtalielewa bila kunihurumia. Huruma siitaki.

Tulikaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya nne, juu ya mkahawa wa chai ya karak. Mama alikuwa muuguzi. Baba alipanga safari za mabasi ya kampuni kule Industrial Area, basi gani limpeleke nani kwenye jengo lipi, na alirudi na vumbi hata kwenye kope. Nilikuwa mtoto wao pekee, wa miaka kumi, na jina langu shuleni lilikuwa Irene Bonnefoy.

Jina hilo lilitusumbua. Nyumbani Kenya kila karani alilisoma Boniface. Kliniki waliandika Bonifai. Wenzake Baba walimwita Bonnie, naye akawaacha. Nilipomuuliza lilitoka wapi, alinijibu mara moja tu, akiwa anafunga kamba za viatu: "Ni la mzungu mmoja wa shamba la mkonge kule kwetu Taita. Maliza uji wako." Basi mimi nikachukua alichonipa nikajumlisha. Kulikuwa na mzungu, na sisi tuna jina lake. Kwa akili ya mtoto jina lilikuwa damu. Hapakuwa na njia nyingine ya kulipata.

Muhula wa pili darasani kwetu akaja msichana wa Kifaransa aliyeitwa Clémence. Mwalimu Rima, Mlebanoni mpole aliyependa kila kitu kiwe na rangi, alisoma orodha ya majina, akafika kwetu, akasimama. Kulikuwa na Bonnefoy wawili. Akacheka kwa furaha. "Basi Clémence atakuwa Bonnefoy wa kwanza, na Irene Bonnefoy wa pili." Mimi ndiye niliyekuwa pale tangu darasa la kwanza. Lakini sikuona ubaya wowote. Nilimtazama yule msichana mwenye nywele za rangi ya chai ya maziwa nikawaza: ndugu yangu amefika.

Nilimbebea chupa ya maji, nikamwachia kiti cha dirishani. Siku ya tatu nilimwambia, "Mimi na wewe ni ukoo mmoja." Alinitazama kwa muda, hata hakuwa na hasira, kama mtu anayeangalia bei ya kitu asichokitaka.

"Baba yangu anasema kuna watu walichukua majina yetu," akasema. "Kama mtu anavyovaa nguo kuukuu za mwenzake."

Nikamjibu kwamba hizi si kuukuu. Wasichana waliokuwa karibu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu nilidhani nimesema jambo la kuchekesha.

Ndipo Mwalimu Rima alipotupa kazi ya muhula. Kila mtoto atafute watu mashuhuri waliobeba jina la ukoo wake tangu zamani, awaeleze darasani, na akiweza amlete mzee wa familia aje kusimulia. Clémence alitangulia. Alikuja na karatasi kubwa ngumu yenye picha. Kulikuwa na Bonnefoy nahodha aliyezunguka Afrika yote kwa meli. Bonnefoy padri aliyetunga kamusi ya lugha ambayo wasemaji wake wote wamekufa. Bonnefoy mwanamke aliyepaa kwa puto la hewa moto na kuangukia shamba la zabibu bila kuvunjika hata kidole. Bonnefoy daktari, Bonnefoy mpanda milima aliyerudi bila vidole vya miguu, na Bonnefoy mmoja aliyewatumikia wafalme watatu kwa upanga, na wote watatu wakamsifu.

Niliwakariri wote. Nilioga nao na kulala nao. Ile karatasi ilibandikwa ukutani, na saa ya mapumziko nilibaki peke yangu darasani nikiichunguza midomo ya yule nahodha, maana aliizunguka Afrika, na lazima alitia nanga mahali. Niliiona ni midomo ya Baba. Naapa niliiona. Nikamwambia Clémence kwamba babu yangu anakuja kutoka Kenya, na atathibitisha.

Babu alikuwa anakuja kweli. Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Baba hakutaka mzee akae peke yake, akamwombea viza ya kututembelea ya miezi miwili. Alikuwa fundi viatu. Alifika na buti zinazong'aa kuliko sakafu ya uwanja wa ndege, na kwenye mkoba wake, kabla ya nguo, mlikuwa na mikebe miwili ya rangi ya viatu na brashi. Aliniita Wakesho, jina la mama yake, ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Asubuhi alinichana nywele kwa vidole vyenye harufu ya rangi ile, na alinisikiliza kwa sikio la kulia, maana la kushoto lilikuwa limekufa. Kiingereza chake kilikuwa salamu mbili na asante. Nilimpenda. Niseme hivyo mapema, kwa sababu yanayofuata hayataonyesha.

Nilipomwambia kwamba shule inamtaka aeleze jina letu, aliweka chini brashi yake ya viatu.

"Wanataka kujua kweli?"

"Wanataka sana, Babu."

"Baba yako hajawahi kutaka," akasema. "Nitasema huko huko. Sitaki kulisema mara mbili."

Asubuhi ya siku yenyewe Baba alitushusha langoni akakimbilia kazini. Mlinzi alimpa Babu kitambulisho cha mgeni, kile cha kuvaa shingoni kwa utepe. Babu akakishika mkononi. Mlinzi akamwonyesha kwa ishara akivae. Babu akatikisa kichwa. Nilimvuta mkono, "Babu, vaa tu, kila mtu anavaa," na watu nyuma yetu walikuwa wanangoja. Hakuvaa. Nilikumbuka kwamba hata kanisani hakufunga tai, wala hakufunga kifungo cha juu cha shati, na nikaona aibu kwamba babu yangu alikuwa mshamba kiasi hicho.

Aliwekewa kiti mbele ya darasa. Mimi nilisimama upande wa sikio lake zima, niwe mkalimani. Clémence alikaa mstari wa kwanza, amekunja mikono. Nyuma yake alikaa Salma, Mwomani mkimya ambaye sikuwahi kuzungumza naye sana.

Babu alianza taratibu, akinipa nafasi baada ya kila sentensi.

"Baba yangu aliitwa Mwadime. Alifanya kazi kwa mzungu aliyeitwa Bonnefoy, mwenye shamba la mkonge."

Nikafasiri. Sauti yangu ilikuwa safi. Clémence akaacha kukunja mikono.

"Kazi yake ilikuwa kutunza mbwa wa yule mzungu. Alikuwa mtu mzima, ana mke, ana mimi. Nilikuwa wa umri wako, Wakesho, au nimekuzidi kidogo."

Nikasema baba yake Babu alikuwa msimamizi wa wanyama wa Bwana Bonnefoy. Hapo sikuwa nimedanganya, nilikuwa nimepamba tu.

"Mbwa mmoja, aliyependwa kuliko wote, akaumwa na nyoka akafa. Yule mzungu akasema Mwadime alilala kazini. Akatoa mkanda wa shingoni wa yule mbwa. Ulikuwa wa ngozi, na mbele una kibati cha shaba kimechongwa jina la mwenye mbwa. Akamvisha baba yangu. Akasema atauvaa mpaka mbwa mwingine azaliwe."

Akanisubiri. Watoto ishirini na wanne walinitazama. Mwalimu Rima alitabasamu kunitia moyo.

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Watu wakiniuliza, ingawa hakuna aliyewahi kuniuliza, siwezi kusema kwamba lugha ilinipotea. Nilielewa, na mbele yangu niliwaona ukutani nahodha na daktari na yule mwanamke wa puto wakiondoka mmoja mmoja.

"Bwana Bonnefoy," nikasema kwa Kiingereza, "alimpenda sana baba yake Babu. Akamvisha medali shingoni. Ya shaba, yenye jina la ukoo."

Darasa likasema, "Aaa!"

Babu akaendelea. Alisema mkanda ule ulikaa miezi minne. Alisema baba yake alikula nao na kulala nao, na shingo ikatoka vidonda, na mama yake akawa anamwekea majivu. Wafanyakazi wenzake wakaanza kumwita kwa neno lililoandikwa pale, kwanza kwa kucheka, kisha kwa mazoea. Karani wa serikali alipokuja kuandikisha watu alimuuliza jina, na kabla hajajibu msimamizi wa shamba akamwambia karani, soma hapo shingoni. Karani akasoma, akaandika.

"Ndilo jina letu," Babu akasema. "Bonnefoy wa kwanza kuzikwa pale kwetu alikuwa mbwa. Wa pili alikuwa baba yangu."

Nami nikasema kwamba alivaa medali ile miezi minne bila kuivua kwa furaha, kwamba watu wote shambani wakaanza kumwita Bonnefoy kwa heshima, na kwamba serikali yenyewe ikalithibitisha jina hilo kwa maandishi.

Walipiga makofi. Mwalimu Rima alifuta jicho. Clémence alipiga makofi pia, polepole, akinitazama mimi.

Babu aliwatazama wale watoto wanaotabasamu, mmoja baada ya mwingine. Kisha na yeye akatabasamu kidogo, kama mgeni anayefuata wenyeji wanavyofanya. Tukiwa kwenye korido akaniuliza, "Mbona wamefurahi?"

"Umeongea vizuri, Babu."

"Nimewaambia alichofanyiwa baba yangu, wakapiga makofi." Alifikiri. "Labda ndiyo heshima ya kwao."

Nikasema ndiyo, ndiyo heshima ya kwao.

Saa ya mapumziko Salma alinifuata bombani. Akaniambia, kwa Kiswahili chororo kuliko changu, "Babu yako hajasema hivyo."

Nikafunga bomba.

"Bibi yangu mzaliwa wa Unguja. Nyumbani kwetu twasema Kiswahili. Mie nimefahamu yote. Kasema mkanda wa mbwa."

"Usimwambie mtu," nikamwambia. "Tafadhali, Salma."

Sijui kama alisema kwa ubaya au kwa sababu lilikuwa zito mno kwake kulibeba. Alikuwa na miaka kumi kama mimi. Kufika Alhamisi alikuwa amemwambia Clémence.

Jumapili, wiki ilipoanza tena, Clémence alikuja na kitu ndani ya mfuko wa kitambaa. Familia yake ilikaa kwenye nyumba za ndani ya uzio kule Muaither, na walikuwa na mbwa. Tulipotoka kwenda mapumziko aliutoa mkanda mbele ya darasa zima. Ulikuwa wa ngozi ya kahawia, una kibati cha shaba kilichoandikwa Bonnefoy na namba ya simu.

"Medali yenyewe ilikuwa kama hii?"

Nilikuwa nasoma kile kibati.

"Vaa," akasema. "Ukivaa nitamwambia kila mtu kwamba sisi ni ndugu."

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba walinishika. Hawakunishika. Niliziinua nywele zangu mwenyewe, kwa mikono miwili, nikampa shingo. Ngozi ilikuwa baridi, ina harufu ya mbwa na sabuni. Akafunga tundu la mwisho. Akanizungusha uwanjani chini ya lile turubai la kivuli, ameushika mkanda kwa kidole kimoja, akitangaza: huyu ndiye Bonnefoy wa bahari, huyu ndiye Bonnefoy wa puto, huyu ndiye Bonnefoy wa wafalme watatu. Watoto wakapiga makofi yale yale. Salma pekee aligeuza uso.

Kengele ilipolia nikamuuliza Clémence, "Sasa sisi ni ndugu?"

"Mbwa wetu naye ameandikwa Bonnefoy kwa daktari wake," Clémence akasema. "Mko wawili sasa. Baki nao, yeye ana mpya."

Ninyi mngerudi nyumbani na kitu kama hicho mngekitupa. Mimi nilikitunza. Neno "mbwa" nililisikia vizuri, lakini nilisikia pia kwamba amenipa kitu chake, chenye jina letu, na jambo hili la pili likalifunika la kwanza. Jioni, Baba na Mama wakiwa bado kazini, nilikaa sakafuni sebuleni nikachukua mkebe wa Babu na kitambaa chake, nikaanza kuung'arisha. Nilikuwa naufanya vizuri, kwa mizunguko midogo, kama alivyonifundisha.

Babu alitoka kuswaki akanikuta.

Alisimama mlangoni, mswaki bado mkononi. Kisha akaja, akakaa kwenye kiti kwa shida, akanyoosha mkono. Nikampa. Alikisoma kile kibati kwa kidole gumba, si kwa macho.

"Nani amekupa?"

"Dada yangu. Clémence. Yule Bonnefoy wa kwanza."

"Amekuvisha?"

"Nimevaa mwenyewe, Babu."

Hakupaza sauti. Hakuwahi kunipazia sauti. "Baba yangu," akasema, "walimshika watu wanne."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie. Nilipopunguza akaniuliza, "Siku ile, uliwaambia nini wale watoto?"

Nikamweleza, neno kwa neno. Nilimwambia msimamizi wa wanyama, nikamwambia furaha, nikamwambia serikali. Nilipofika kwenye medali hakulijua lile neno la Kiingereza, ikabidi nimfasirie.

"Nishani," nikasema.

"Nishani," akarudia. Akaliangalia dirisha. "Nao wakapiga makofi. Na mimi nikawachekea."

"Nisamehe, Babu."

"Nilidhani kuna mtu amesikia," akasema, lakini hakuwa anasema na mimi tena. Alifunika mkebe wake wa rangi, akakikandamiza kifuniko mpaka kikalia, akauchukua pamoja na mkanda, akaingia chumbani.

Kesho yake alimwambia Baba anataka kurudi. Baba alibembeleza, akadhani ni joto, akadhani ni upweke wa kukaa ghorofani mchana kutwa. Babu alisema tu kwamba mbuzi wake hawana mtu. Aliondoka wiki tano kabla ya siku yake. Uwanja wa ndege aliwakumbatia Baba na Mama, na mimi akanipa mkono.

Kila Jumapili Baba alimpigia simu. Nikipokea mimi alisema, "Mpe baba yako." Kwa sauti ya kawaida kabisa. Mama alidhani sikio lake lililobaki nalo linakufa. Niliandika barua tatu za kuomba msamaha. Sikupeleka hata moja, kwa sababu ingebidi binamu yangu amsomee.

Clémence alihama baada ya mwaka mmoja, baba yake akapelekwa nchi nyingine. Sidhani kama ananikumbuka. Salma aliniomba radhi tukiwa kidato cha pili, nikamwambia nimesahau.

Babu alifariki nikiwa na miaka kumi na minne. Tulikwenda wote. Binamu zangu walitwambia jambo ambalo Baba hakulijua: miaka miwili kabla ya kufa, Babu alikwenda kwa chifu, kisha kwa wakili, akapanda na kushuka ngazi za ofisi kwa miguu yake mibovu mpaka akaandikwa Mwadime. Akawaita na watoto wa shangazi na wa ami zangu wote, akawasimulia kisa cha mkanda, safari hii bila mkalimani, na wote wakabadilisha. Kwetu Doha hakupeleka habari. Baba aliumia, akasema labda mzee hakutaka kutusumbua na karatasi za viza.

Wasifu wake alikuwa ameuandikisha mwenyewe, kila neno, binamu yangu akishika kalamu. Ulisomwa kanisani, na kama ilivyo desturi kule kwetu, kila aliyetajwa alisimama. Walitajwa watoto. Kisha mchungaji akasoma wajukuu: akina Mwadime wanane, mmoja mmoja kwa jina lake, na wanane wakasimama. Akageuza ukurasa.

"Na Bonnefoy mmoja," akasoma, "wa Doha."

Watu waliona ni utani wa mzee, au ni sifa kwa mjukuu aliyesoma nje. Kanisa zima liligeuka, wakinitabasamia kwa upendo, wakisubiri. Baba akanigusa kiwiko. Nikasimama.